CrystalDiskInfo: kusoma daftari la diski pale kompyuta ileile inapoua diski ya tatu

Diski ngumu ikifa mara moja kwenye kompyuta ya nyumbani, hilo ni jambo la kawaida. Kila kinachozunguka huchakaa. Ikifa ya pili ndani ya mwaka, kwenye mashine ileile, geuza macho uitazame mashine. Na ya tatu ikifuata, muuaji ama yumo ndani ya kasha la kompyuta, ama yuko ukutani kwenye soketi, ama yuko dukani akikuuzia mtumba kwa bei ya mpya. Wengi hununua diski ya nne kabla ya kujua ni yupi. CrystalDiskInfo, programu ndogo ya bure ya Windows, inaweza kupunguza orodha hiyo ya watuhumiwa hadi mmoja au wawili kwa jioni moja. Inastahili kuwamo kwenye flashi ya kila mwenye kompyuta. Lakini ina kasoro moja inayowapoteza watu wengi: neno kubwa inaloandika juu ya skrini halihesabu ile mistari hasa inayomtaja muuaji.

Mtengenezaji wake ni Mjapani anayetumia jina la hiyohiyo, jina ambalo kwa bahati njema linasomeka Kiswahili safi. Programu imekuwepo tangu 2008, msimbo wake uko wazi, na inakwenda kwenye Windows kuanzia XP hadi 11, jambo linalowafaa sana wenye mashine za zamani. Ukurasa wake wa kupakulia una matangazo, na baadhi yana vitufe vikubwa vya rangi vinavyofanana na kitufe chenyewe cha kupakua. Hapo ndipo watu hujiletea takataka. Kwenye Windows 10 na 11 njia fupi ni kufungua dirisha la amri na kuandika `winget install CrystalDewWorld.CrystalDiskInfo`. Ukitaka kuibeba, chukua toleo la zip la Standard Edition: halisakinishwi, unalifungua moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Yale matoleo ya Shizuku na mengineyo yameongezewa mapambo ya katuni, ndani ni kitu kilekile.

Inachofanya ni kusoma SMART, yaani daftari ambalo diski hujiandikia yenyewe tangu ilipotoka kiwandani. Saa ilizofanya kazi, mara ilizowashwa, joto, sekta zilizoharibika, makosa ya mawasiliano, vyote vimo. Ukifomati diski, daftari linabaki. Ukiweka Windows upya, linabaki. Ndiyo maana lina thamani: diski iliyotolewa kwenye mashine miezi sita iliyopita bado inabeba ushahidi wa yaliyoipata humo.

Ukiifungua utaona kisanduku cha rangi: bluu yenye neno Good, njano yenye Caution, au nyekundu yenye Bad. Chini yake kuna jedwali, kila mstari na namba yake kwenye safu ya ID. Kabla hujasoma lolote, ingia menyu ya Function, kisha Advanced Feature, kisha Raw Values, uchague 10 [DEC]. Usipofanya hivyo namba ghafi zinaonekana kwa hesabu ya kumi na sita, na mtu anaiona 000000000A3F asijue kwamba hiyo ni 2623. Kwa nini hii haikuwekwa kuwa hali ya kawaida tangu mwanzo, ni vigumu kuelewa. Inawanyima watu wa kawaida faida yote ya jedwali. Safu ya kutazama ni ile ya mwisho, ya namba ghafi. Zile safu za Current na Worst zina hesabu za mtengenezaji wa diski, zinashuka kutoka 100 au 200 kwenda chini, na hazifai kulinganisha kampuni moja na nyingine.

Sasa ile kasoro. Kisanduku hugeuka njano pale mstari wa 05, C5 au C6 unapopata hata namba 1. Hiyo ni mistari ya uso wa diski: 05 ni sekta zilizokwisha hamishwa, C5 ni sekta zinazosubiri kuamuliwa, C6 ni zilizoshindikana kusomeka. Ni sawa kuonya hapo. Lakini C7, 0C na C0 hazimo kwenye hesabu ya rangi. C7 ni makosa ya kebo. 0C ni mara diski ilizopata umeme. C0 ni mara umeme ulizokatika ghafla vichwa vya kusoma na kuandika vikiwa kazini. Mashine inayoua diski kwa kebo mbovu au pawa saplai iliyochoka inaweza kukuonyesha bluu na neno Good hadi siku yenyewe ya msiba. Kwa anayesumbuliwa na vifo vya kurudiarudia, mistari hiyo mitatu ndiyo ya kwanza kusomwa.

Anza na C7, kwa sababu ndiyo rahisi na ndiyo yenye habari njema mara nyingi. Data inapopita kwenye kebo ya SATA, ile inayounganisha diski na ubao mama, inabeba namba ya uhakiki. Ikifika imeharibika, inatumwa tena na C7 inaongezeka moja. Namba hii hairudi nyuma kamwe, kwa hiyo 2623 peke yake haisemi kama tatizo ni la leo au la mwaka juzi. Iandike kwenye karatasi. Nakili folda kubwa, tuseme gigabaiti 50, kisha usome tena. Ikiwa imepanda, zima mashine, chomoa waya wa ukutani, badilisha kebo ya SATA, na urudie kunakili kiasi kilekile. Ikitulia, umemaliza. Ikiendelea kupanda, hamisha kebo kwenye mlango mwingine wa SATA kwenye ubao mama. Ikipanda hata hapo, makosa yanatoka kwenye umeme wa diski au kwenye bodi ya diski yenyewe.

Kebo za SATA zinastahili neno zaidi, maana zinadharauliwa. Zina pini 7, hazitakiwi kuzidi mita 1, na hazikutengenezwa kuchomolewa na kuchomekwa mara mamia. Chagua yenye kile kibano cha chuma kinacholia «tik» inapoingia. Usiikunje kwa pembe kali, usiifunge pamoja na nyaya za umeme kwa kamba ya plastiki ili kasha lipendeze. Na mwambao wa Mombasa, Tanga, Zanzibar, hewa ya chumvi hula pini: ukichomoa kebo ukaona pini zimefifia au zina doa la kijani, futa kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, acha ikauke, ndipo uchomeke.

Mstari wa 0C unasimulia habari nyingine. Tazama namba asubuhi, tumia mashine siku nzima, tazama jioni. Uliiwasha mara mbili lakini 0C imepanda kwa 15? Basi diski imekuwa ikipoteza umeme na kuupata tena huku kompyuta ikiendelea kuwaka. Dalili zake zinafahamika: mashine inaganda sekunde kadhaa, unasikia diski ikipunguza mwendo kisha ikianza kuzunguka upya, halafu kila kitu kinaendelea kama hakuna kilichotokea. Chanzo kikubwa ni kichwa cha umeme cha SATA kilicholegea, au ile adapta ya kugeuza Molex, kile kichwa cha umeme cha kizamani chenye pini nne, kuwa SATA. Zipo adapta ambazo nyaya zote nne zimezamishwa kwenye plastiki moja iliyomiminwa. Ndani yake nyaya huwa karibu mno, plastiki ikipata joto zinagusana, na hizo zimewahi kuunguza diski na kuyeyusha vichwa vya umeme. Kama ni lazima utumie adapta, tafuta ile ambayo kichwa chake kina kifuniko na unaona kila waya umebanwa peke yake. Ukikuta kichwa cha plastiki kimebadilika rangi kuwa kahawia, kitupe siku hiyohiyo.

C0 inahitaji uangalifu kidogo, kwa kuwa baadhi ya diski huihesabu hata unapozima mashine kwa adabu. Jaribu: zima kompyuta kwa njia ya kawaida, iwashe, soma. Ikiwa C0 imepanda, diski yako ina tabia hiyo na namba yake haina ushahidi. Ikiwa haikupanda, basi kila moja iliyomo ni mara umeme ulipokatika ghafla. Diski yenye 0C ya 400 na C0 ya 180 imeishi nyumba ambayo umeme unakatika karibu nusu ya mara mashine inapotumika, na hapo mjadala unahamia kwenye soketi.

Kukatika kwa umeme huacha alama ya pekee ambayo CrystalDiskInfo inaionyesha vizuri kuliko mafundi wengi wanavyojua. Diski ikikatiwa katikati ya kuandika sekta, data na namba yake ya uhakiki havilingani tena. Ukija kuisoma, diski inasema haisomeki, na C5 inapanda. Kisanduku kinakuwa njano, fundi anasema diski imekwisha, unanunua nyingine. Kumbe uso wake ni mzima kabisa. Namna ya kujua: hamisha data yote kwanza, kisha fomati diski kwa kuondoa alama kwenye Quick Format, ili Windows iandike sifuri kila mahali. Kwa diski ya terabaiti 1 tenga saa mbili hadi tatu. Halafu soma. C5 ikirudi 0 na 05 ikibaki 0, diski ilikosewa tu na umeme. Irudishe kazini, kashughulikie umeme. C5 ikirudi 0 lakini 05 imepanda, uso una madonda ya kweli, na diski hiyo isishike tena kitu unachokipenda. C5 ikikataa kushuka, au ikipanda wakati wa kufomati, imekwisha.

Hapa ndipo pawa saplai inapoingia, na programu yoyote inaishia mlangoni. CrystalDiskInfo haioni volti. Programu zinazosoma volti kutoka kwenye ubao mama zinakosea mno kuaminiwa. Chukua multimita, hata ile ya bei ya chini kabisa, iweke kwenye volti 20 za DC. Tafuta kichwa cha Molex kisichotumika: waya wa njano ni volti 12, mwekundu ni volti 5, miwili myeusi ni hasi. Ingiza ncha nyeusi kwenye mweusi, nyekundu kwenye njano, na upime wakati mashine ina kazi, yaani inanakili faili kubwa. Mashine ikiwa imetulia, pawa saplai mbovu nayo hupendeza. Kiwango cha ATX, kinachofuatwa na pawa saplai za kompyuta za mezani, kinaruhusu asilimia 5 juu au chini: 11.40 hadi 12.60 kwenye njano, 4.75 hadi 5.25 kwenye nyekundu. Kisha pima wakati wa kuwasha. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta kama ampea 2 kwenye volti 12, mara kadhaa ya inavyovuta ikishatulia. Ukiona 12.1 inaanguka hadi 11.2 kisha inapanda, pawa saplai hiyo haimudu, na kila asubuhi inaitesa diski katika dakika ambayo vichwa vinatoka maegeshoni.

Multimita ina upofu wake: haioni mawimbi madogo ya haraka juu ya volti, na kapasita zilizochoka huzalisha hayo hasa. ATX inaruhusu milivolti 120 tu ya mawimbi kwenye 12 na milivolti 50 kwenye 5. Bila osiloskopu huwezi kuyapima, ila unaweza kumulika tochi kupitia matundu ya pawa saplai ukatazama vichwa vya kapasita: vinatakiwa kuwa bapa. Kimoja kikivimba kama mkate uliofura, au kina ukoko wa kahawia, hukumu imeshatolewa. Usiifungue pawa saplai yenyewe. Kapasita yake kubwa hukaa na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa ukutani. Jaribio la maana zaidi ni kuazima pawa saplai nzima kwa wiki mbili na kulinganisha namba.

Wenye mashine ndogo za ofisini za HP na Dell, zile zinazojaa Kariakoo na Luthuli Avenue baada ya kutumika Ulaya, wajue kwamba nyingi hazina waya wa diski kutoka pawa saplai. Umeme wa diski unatoka kwenye ubao mama kwa kebo fupi yenye kichwa kidogo. Kebo hiyo ikilegea kwenye ubao, utabadilisha diski na pawa saplai bila kupona. Ichomoe, kagua pini, irudishe hadi ikae.

Kuhusu umeme wa nyumbani, tofauti iliyopo sokoni ni kubwa na wauzaji hawaielezi. Ekstensheni yenye taa nyekundu si kinga ya lolote. Kifaa cha kuchelewesha umeme, kile kinachosubiri kabla ya kuruhusu, kinasaidia kweli, kwa sababu umeme unaporudi ndipo volti hupanda na kushuka vibaya. Ila hakizuii kukatika. Kwa kompyuta yenye diski ya kuzunguka, nunua UPS ya aina ya line-interactive, yenye AVR ndani, ambayo inarekebisha volti zikishuka bila kula betri. Ya VA 650 hutoa kama wati 360 hadi 390, inatosha mashine ya mezani isiyo na kadi kubwa ya picha pamoja na skrini, kwa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima. Iunganishe na kompyuta kwa kebo yake ya USB, uipangie Windows ijizime betri ikishuka. Watu wanaisahau kebo hiyo kwenye boksi. Betri yake, kwa kawaida ya volti 12, hudumu takriban miaka mitatu, na chumba cha joto kinaifupisha. UPS inayozima mashine mara tu umeme unapokatika imebaki kuwa ekstensheni nzito tu.

Kitu kingine: ukigusa kasha la chuma ukahisi mtekenyo, soketi yako haina waya wa ardhi. Kapasita za kichujio ndani ya pawa saplai zinavujisha umeme kidogo kwenye kasha, na usipokuwa na pa kwenda unakungoja wewe, au diski ya nje unayochomeka kwa USB ikiwa ina adapta yake. Mwite fundi umeme arekebishe ardhi kwenye soketi. Usikate pini ya tatu, wala usitumie plagi ya pini mbili kukwepa.

Joto halihitaji maneno mengi. CrystalDiskInfo inalionyesha juu kabisa na huanza kuonya kwenye nyuzi 50. Diski nyingi za nyumbani zinaruhusiwa hadi 60, lakini lenga 30 hadi 45. Chumba kikiwa na nyuzi 32, diski isizidi 47 hivi. Ikizidi, hewa haipiti. Feni ya milimita 120 mbele ya kasha, ikipuliza moja kwa moja juu ya diski, hushusha nyuzi kadhaa mara moja. Kuhusu mtikisiko: skrubu nne, zote. Diski inayoning'inia kwa kebo zake, au kasha lililowekwa juu ya spika ya besi, linasumbua vichwa vinavyoruka nanomita chache tu juu ya uso unaozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika.

Sasa duka. Sababu moja ya kufiwa mara kwa mara ni kwamba kila diski «mpya» inakuja ikiwa imezeeka. CrystalDiskInfo inaonyesha saa za kazi na mara za kuwashwa juu ya dirisha bila kutafuta. Diski mpya inatakiwa kuwa na saa sifuri au chache na kuwashwa mara chache. Ukikuta saa 20,000, hiyo imekaa miaka miwili na zaidi ikizunguka bila kupumzika. Ifungue mbele ya muuzaji, kabla hujalipa, na uombe risiti inayotaja namba ya mfululizo (serial number) ya diski.

Lakini namba hizo zinaweza kufutwa na mwenye vifaa. Mwanzoni mwa 2025 waandishi wa Heise, chombo cha habari za teknolojia cha Ujerumani, walifichua diski za Seagate za vituo vya data zilizouzwa kama mpya huku zikiwa zimetumika maelfu ya saa, SMART yake ikiwa imesafishwa. Kilichowaumbua wauzaji ni daftari la pili la Seagate liitwalo FARM, ambalo halikuguswa. CrystalDiskInfo hailisomi, na hili ni pungufu la kweli kwa mnunuzi wa leo. Tumia smartmontools, kifurushi cha bure cha kusoma SMART kwa amri, toleo la 7.4 au jipya zaidi: `smartctl -l farm /dev/sda` (sda ni diski ya kwanza, sdb ya pili), kisha linganisha saa za humo na saa za CrystalDiskInfo. Zikitofautiana kwa maelfu, rudisha diski.

Diski hizohizo za vituo vya data zina mtego mwingine. Baadhi hutumia pini ya tatu ya umeme wa SATA kama amri ya kuzimwa, na pawa saplai nyingi za zamani hupeleka volti 3.3 kwenye pini hiyo. Matokeo: diski haizunguki kabisa, unadhani imekufa ikiwa ndani ya nailoni. Kipande chembamba cha utepe wa kapton, usiopitisha umeme, juu ya pini hiyo kinatosha.

Bila kuondoka kwenye smartctl, kuna jambo ambalo CrystalDiskInfo haifanyi na inahitajika sana: jaribio refu. `smartctl -t long /dev/sda` inaiamuru diski ijisome yenyewe uso wote, kisha baada ya saa kadhaa `smartctl -l selftest /dev/sda` inaleta majibu. Uzuri wake ni kwamba jaribio linafanyika ndani ya diski. Data haipiti kwenye kebo. Kwa hiyo diski inayofaulu jaribio refu lakini inakwama ukinakili faili ina tatizo nje yake: kebo, mlango, au umeme. Inayoshindwa kwa «read failure» ina sekta zisizosomeka ndani, na ile fomati kamili ndiyo itakayosema kama ni madonda au ni umeme. Kwa vyombo hivi viwili, rangi kwa mmoja na jaribio kwa mwingine, umefunika karibu kila kitu kinachoweza kujulikana bila kufungua diski.

Event Viewer, daftari la matukio la Windows, inakamilisha picha. Namba 7 kutoka kwa disk ni sekta mbovu, inakwenda na C5. Namba 129 na 153 ni maombi yaliyochelewa au kurudiwa, na zikiandamana na C7 inayopanda, ni kebo. Namba 41 ya Kernel-Power ni mashine iliyozimika bila kuaga. Ukiona 41 saa 2 usiku na namba 7 ya kwanza saa 2 na dakika 10, umeshampata.

Mambo mawili yasikutishe. Diski ya Seagate huonyesha namba kubwa za kutisha kwenye 01 na 07; hizo zimechanganya idadi ya kazi na makosa pamoja, zipuuze. Na diski ya aina ya SMR, ambayo njia zake za kuandikia zimelaliana kama vigae, huandika kwa kasi kisha ghafla inakuwa polepole mno ikijaa akiba yake. Watu huiita mbovu. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red za terabaiti 2 hadi 6 zilikuwa za aina hiyo. Ni diski nzima, ila haifai kila kazi.

Je, Good ni ahadi? Hapana. Watafiti wa Google walichapisha 2007 uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000: zaidi ya thuluthi ya zilizokufa hazikuwa zimeandika dalili yoyote ya SMART. Upande wa pili, diski iliyopata kosa lake la kwanza la uchunguzi wa uso ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo nalo. Njano haina mzaha, bluu haina dhamana, na nakala ya pili ya picha za familia ndiyo kinga pekee.

C5 ikiwa inapanda siku kwa siku, usitumie `chkdsk /r`. Inailazimisha diski mgonjwa isome kila kona na inaweza kuvuruga faili zilizokuwa zinaokoleka. Washa mashine kwa Linux ya flashi, tambua diski kwa `lsblk` mara mbili ili usikosee, kisha nakili kwenda diski isiyopungua ukubwa: `ddrescue -f -d -n /dev/sdb /dev/sdc ramani.map`, ambapo sdb ni mgonjwa na sdc ni inayopokea. Pasi hiyo inachukua kilicho rahisi kwanza. Rudia bila `-n` na kwa `-r3` ili ijaribu mabaki mara tatu. Ikianza kugonga «tak, tak, tak», zima. Diski ya nje ya inchi 2.5 ikigonga hivyo, jaribu kwanza mlango wa USB wa nyuma na kebo fupi, kwani inategemea volti 5 za USB tupu na mlango dhaifu hauwezi kuizungusha.

Ukishabadilisha ulichokishuku, menyu ya File inakuruhusu kuhifadhi jedwali lote kama maandishi. Lihifadhi leo, uhifadhi tena baada ya siku 14, uweke mawili hayo kando kwa kando. C7 ikiwa bado 2623, 0C imepanda sawasawa na mara ulizowasha, na C5 ni 0, toa zile diski mbili «zilizokufa» kwenye droo, uziunganishe moja moja kwa kebo mpya, na uzifanyie jaribio refu. Huenda mojawapo haijawahi kuumwa.